Kiti cha Mbele Sicho Kizuri: Maswali ya Wasomaji kuhusu Onesho Dogo la Sauti na Gitaa

Sanduku la barua mwezi huu limejaa habari ya jambo moja: yale maonesho madogo ambayo mwimbaji anayetunga nyimbo zake mwenyewe anakaa na gitaa mbele ya watu hamsini au sitini, hakuna madansa, hakuna didjei, na ukikohoa anakusikia. Walioandika ni wasikilizaji wa Arusha na Moshi, pamoja na mwenye ukumbi mmoja. Majibu wametoa fundi mitambo na mratibu wa maonesho kwa pamoja. Walipopishana, tumeacha wapishane.

"Nililipa kiingilio cha mbele kabisa, nikapata kiti cha kwanza kulia, karibu nimshike mwimbaji mkono. Maneno sikuyapata vizuri, nikaambulia mvumo wa gitaa. Rafiki yangu aliyekaa nyuma kwa bei ya chini anasema alisikia kila neno. Nimeibiwa?" – Msomaji wa Sakina, Arusha

Hujaibiwa, umekalishwa pasipofaa. Katika ukumbi mdogo spika mbili huwekwa pembeni mwa jukwaa, mbele kidogo ya mwimbaji, juu ya stendi, zikiwaelekea watu wa katikati na nyuma. Sehemu ya spika inayobeba maneno, yaani zile herufi kali kama s, t, ch na k, ni kile kitundu cha juu chenye umbo la tarumbeta, na sauti yake hutoka kama mwanga wa tochi: ipo pale inapomulikwa. Sauti nzito haina mpangilio huo. Inasambaa kila upande, hata nyuma ya spika na chini yake. Kiti chako kilikuwa chini ya tochi, kwa hiyo ulipata uzito bila ukali, na juu yake makombo ya monita, kile kispika kinachomwelekea mwimbaji ili ajisikie mwenyewe.

Chumba kikiwa na safu tano au sita, viti bora ni vya safu ya tatu na ya nne, kimoja au viwili kutoka njia ya katikati. Hapo umbali wako na spika ya kulia haupishani sana na wa kushoto, na tochi zote mbili zinakufikia. Epuka pembe. Sauti nzito hujikusanya ukutani, na kuta mbili zinapokutana hujikusanya zaidi, ndiyo maana mtu wa pembeni hulalamika kwamba gitaa "linavuma".

Ushauri huu unageuka siku ambayo mwimbaji hatumii spika kabisa. Hapo nenda mbele bila aibu. Sauti isiyosaidiwa huisha haraka: pasipo kuta za kuirudisha, kila umbali unapoongezeka maradufu inapungua desibeli 6 (desibeli ndicho kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo mtu wa mita 8 anapata desibeli 12 pungufu kuliko mtu wa mita 2. Na kama unajifunza gitaa, chagua upande kwa makusudi. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia, shingo ya gitaa inaelekea kulia kwako wewe uliyekaa. Kaa kulia uone vidole vinavyobana nyuzi, kaa kushoto uone vinavyozichezea.

"Shikamooni. Nilikwenda na wenzangu kumsikiliza mwimbaji tunayempenda, mwandaaji akawa anapita meza kwa meza akituomba tunyamaze. Tumelipa, tumenunua na vinywaji. Tukae kama tuko kanisani?" – Kijana wa Pasua, Moshi

Marahaba. Tuanze na hesabu. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni desibeli 60 hivi ukiyasikiliza kutoka mita moja. Meza nne zikianza kuongea, kila moja hupaza ili ishinde jirani, na baada ya dakika chache mmefika 70. Hapo mmeshamfikia mtu anayeimba taratibu na gitaa kavu. Fundi mitambo anabaki na njia moja, kupandisha sauti. Akipandisha, nanyi mnapandisha, na mwisho wa mashindano hayo ni mluzi wa spika.

Kwenye dansi unaweza kukosa nusu ya maneno ukaendelea kucheza, ngoma na besi zitakubeba. Wimbo wa mtunzi kama Vitali Maembe au Carola Kinasha umekaa kwenye maneno. Ukikosa mstari wa pili, fumbo la mstari wa nne linakupita, halafu unawaona wenzako wanacheka hujui kwa nini.

Wala si ubabe wa waandaaji wa kwetu. Bluebird Cafe ya Nashville, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1982, ina viti visivyofika 100, na sifa yake kubwa ni kuwanyamazisha wateja kwa "Shhh!". Tiny Desk, yale maonesho ya NPR, redio ya Marekani, yanayopigwa nyuma ya meza ya ofisi, yalianza mwaka 2008 baada ya watu wa redio hiyo kwenda kumsikiliza Laura Gibson kwenye baa wakashindwa kumsikia kwa kelele za wateja. Wakamtania kwamba aje aimbie ofisini, akaja kweli.

Mratibu anakuunga mkono kwenye jambo moja: kuwanyamazisha watu katikati ya wimbo ni kosa la mwandaaji. Hilo linatakiwa liandikwe kwenye tangazo na lisemwe mlangoni, kabla mtu hajatoa hela. Wewe kwa upande wako agiza kinywaji kabla ya wimbo wa kwanza, au kati ya wimbo na wimbo. Kucheka, kupiga vigelegele na kuitikia ni ruksa, kwa hiyo kanisa hilo ni la kilokole.

"Mwimbaji katoka Dar, gitaa lake linaonekana la bei kali, lakini kila baada ya wimbo anakazakaza na kulegeza. Lilikuwa bovu?" – Mama wa Njiro, Arusha

Si bovu mama, limeshtuka. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai una baridi ambayo Dar haijui. Waya wa chuma ukipoa husinyaa, unakaza, noti inapanda. Taa za jukwaa zikiwashwa waya unapata joto, unalegea, noti inashuka. Ubao nao una mambo yake: umetoka kwenye unyevu wa pwani, ukifika kwenye hewa kavu zaidi unasinyaa na kuishusha sauti. Nyuzi hubadilika ndani ya dakika, ubao huchukua saa au siku, na nyuzi sita hazisogei kwa kiasi kimoja. Ndiyo maana haponi kwa kukaza mara moja.

Mpigaji mzoefu hulileta gitaa ukumbini mapema, akaliacha ndani ya boksi lake nusu saa hadi saa nzima lizoee hewa kabla ya kuligusa. Nyuzi mpya huzifunga siku moja au mbili kabla, akazivutavuta, kwa kuwa uzi mpya unaendelea kurefuka. Ila mara nyingine unachokiona si marekebisho. Baadhi ya nyimbo zinataka uzi mnene kabisa ushushwe kutoka noti ya E hadi D, na wimbo unaofuata unataka urudi. Kile kibano kinachofungwa shingoni, kapo, nacho huvuta nyuzi kidogo kila kinapohamishwa. Dakika hiyo ndiyo ya kuagizia chai.

"Nina mgahawa Shantytown, Moshi. Chumba ni mita 8 kwa 10, sakafu ya vigae, upande mmoja vioo. Nataka kumwalika mtunzi mmoja na gitaa lake. Rafiki yangu anasema niweke watu 80 na nikodi spika zile kubwa za harusi. Naombeni hesabu kamili." – Mwenye mgahawa

Spika za harusi ziache harusini, na watu 80 hawataenea. Kwenye urefu wa mita 10, toa mita 2.5 za jukwaa, mita 1.5 za nafasi mbele yake na mita 1 ya kupita nyuma. Zinabaki 5. Safu moja inataka sentimita 90 kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti kinachofuata, kwa hiyo unapata safu tano. Kwenye upana wa mita 8, acha njia ya katikati ya mita 1.2 na sentimita 60 kila ukuta. Zinabaki 5.6, na kiti cha plastiki kinakula sentimita 55, sawa na viti 10 kwa safu. Jumla ni viti 50. Ukitaka meza, kata theluthi.

Kiti kinachosahaulika ni cha mwimbaji. Usimpe kiti cha plastiki chenye mikono. Mkono wa kiti hugonga tumbo la gitaa, naye ataishia kukaa ukingoni, mgongo umepinda na pumzi imebanwa, kisha mtasema sauti yake imechoka. Tafuta stuli isiyo na mikono, kimo cha sentimita 50 hadi 60, isiyolia mtu anapojigeuza. Ikalie mwenyewe dakika tano kwanza.

Vyombo: spika mbili za inchi 10 au 12 zenye amplifaya ndani, na stendi zake. Monita moja. Miksa ya chaneli 6 au 8. Maiki mbili za sauti, moja ikiwa ya akiba, na stendi yenye mkono wa kukunja. Kisanduku cha DI kimoja cha kupitishia gitaa, kinachoiandaa sauti yake kwa waya mrefu wa kwenda kwenye miksa. Nyaya za XLR, zile za maiki zenye pini tatu, 7: ya maiki, ya DI, mbili za spika, ya monita, mbili za akiba. Waya wa jeki wa mita 3 kutoka gitaa hadi kwenye DI. Huo usiuzidishe, kwani ukipita mita 6 hivi unaanza kula ukali wa gitaa na kuokota mvumo wa umeme. DI ikae miguuni mwa mwimbaji, safari ndefu ya kwenda kwenye miksa ifanywe na XLR. Ongeza betri mbili mpya za volti 9. Magitaa mengi ya kuchomeka yana kikuza sauti tumboni kinachoendeshwa na betri hiyo, na inapokaribia kufa sauti huanza kukwaruza. Lawama zote hapo huenda kwa fundi, na dawa iko kioski cha jirani.

Spika zikae mbele ya maiki, kamwe zisikae nyuma yake. Zinyanyue mpaka kile kitundu cha juu kifike mita 1.8 hivi, kwa sababu kichwa cha mtu aliyekaa kiko mita 1.2 na hutaki safu ya kwanza imfunike ya tano. Monita iwekwe ikitazama mkia wa maiki. Maiki za kawaida za sauti ni viziwi kwa nyuma, na ndipo unapotaka wawe viziwi. Zipo zilizobana zaidi, ambazo uziwi wao uko nyuma kwa pembeni. Kwa hizo isogeze monita ikae mshazari. Msomee fundi maandishi ya kwenye boksi la maiki, asikisie.

Mluzi ukianza, wengi hukimbilia vitasa vya miksa. Mluzi ni mzunguko tu: maiki imesikia spika, spika ikarudia, maiki ikasikia tena. Tiba ya kwanza ni mdomo. Mwimbaji akisogea kutoka sentimita 15 hadi 7 au 8, maiki inapata desibeli 6 hivi za bure na fundi anaweza kushusha chaneli. Pia asikikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja kama wafanyavyo wanaorap, kwani anaziba matundu yanayoifanya iwe kiziwi kwa nyuma. Gitaa likiunguruma "uuuu" hilo ni tumbo lake linatetemeshwa na spika, mara nyingi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 100 na 200. Punguza hapo kwenye miksa, au ziba tundu la gitaa kwa kizibo cha mpira kinachouzwa kwa kazi hiyo.

Vigae na vioo ndio ugonjwa wako halisi. Simama katikati ya chumba kitupu, piga kofi moja. Ukisikia "tra-tra-tra" inayokimbia kati ya kuta, maneno yatapanda juu ya maneno. Funga mapazia mazito mbele ya vioo, tandika mkeka au zulia jukwaani, tundika mablanketi mazito ukuta wa nyuma. Shuka za kimasai zinapendeza kwenye picha, lakini ni nyepesi, sauti inazipita kama hazipo. Usikaze sana vitasa wakati wa majaribio ya jioni: watu 50 waliovaa masweta ni blanketi kubwa kuliko yote, na chumba kilicholia saa kumi kitatulia saa mbili.

Umeme: mitambo hii yote haifiki kilowati moja, kwa hiyo soketi moja nzuri na ekstensheni ya waya mnene inatosha. Miksa, spika na monita vyote vitumie umeme wa sehemu moja, la sivyo utasikia mvumo wa hezi 50 usiojulikana unatoka wapi. Birika la umeme linakula kilowati 2 peke yake, lipeleke mbali. Moshi ni mji wa kahawa, na mteja atakuomba kikombe katikati ya wimbo wa taratibu kuliko zote. Saga buni zote kabla ya saa moja na mashine ya mvuke ipumzike hadi mapumziko. Friji lenye kompresa inayonguruma lizimwe kipindi cha kwanza, likiwa limefungwa vinywaji havitapata joto, ila bandika karatasi mlangoni kwake ya kukukumbusha kuliwasha. Jenereta ya kVA 2.5 au 3 inatosha, ikae nje, angalau mita 20, ng'ambo ya ukuta, na tanki lijazwe kabla haijawaka.

Kuwasha: miksa kwanza, spika mwisho. Kuzima: spika kwanza, miksa mwisho. Ukikosea utaratibu utasikia "bum", na siku moja hiyo bum itaondoka na spika.

Majaribio yaanze saa mbili kabla ya kufungua mlango. Sauti ya mtu iwekwe kwanza ikiwa peke yake, mpaka mtu wa safu ya tano ayapate maneno bila kukunja uso, ndipo gitaa liingizwe chini yake. Mafundi wengi huanza na gitaa, wakalipenda, na sauti ikabaki inalikimbiza usiku kucha.

Kuhusu vibali, pita kwa afisa utamaduni wa Manispaa, naye atakuonesha njia ya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Hakimiliki ni jambo jingine: muziki unapopigwa hadharani unahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 1999, pamoja na ule wa kwenye flashi unaowapigia wateja kabla mwimbaji hajapanda. Anza kufuatilia wiki nne kabla, siyo Jumatano ya onesho la Jumamosi.

"Mvua ikinyesha juu ya bati inakuwaje?" – Msomaji wa Rau, Moshi

Inakuwa mwisho wa maneno. Mvua kubwa juu ya bati lisilo na dari hufunika kila kitu, na ukali wa herufi ndio unaopotea kwanza. Kuongeza sauti hakusaidii, kunaleta mluzi tu. Simamisha onesho dakika 15, toa chai. Isipokata, sogeza watu wakusanyike karibu na mwimbaji. Kuanzia Machi hadi Mei chagua ukumbi wenye silingibodi, na mkataba useme mapema nani anabeba gharama usiku ukiharibika.

"Nikirekodi kwa simu, sauti inatoka imekwaruza na uso wa mwimbaji ni mweupe pee. Simu si mbaya." – Msomaji wa Kijenge, Arusha

Uso unaungua kwa kuwa simu inapima giza la ukumbi mzima. Gusa uso wake kwenye kioo, shikilia hadi ufunge kipimo, kisha telezesha mwanga chini. Sauti inakwaruza kwa kuwa uko karibu mno na spika, kipaza sauti kidogo cha simu kimezidiwa. Rudi nyuma mita mbili tatu, utoke mbele ya spika. Angalia na kidole cha mwisho: watu wengi wakiilaza simu huziba kwa kidole hicho au kiganja kile kitundu cha chini cha kipaza sauti. Usivute picha kwa zumu, inaoza. Futa lenzi kwa shati.

Weka hali ya ndegeni. Siyo mlio tu unaokatazwa: simu inayotafuta mtandao karibu na waya wa gitaa ndiyo inayoleta ule mkwaruzo wa "tititi-tititi" kwenye spika. Flashi zima, mwanga wa kioo shusha hadi chini, viwiko vibane mbavuni, kaa chini. Mwenye nyuma yako naye kalipa. Video za ubora wa 1080 kwa fremu 30 kwa sekunde hula kati ya MB 60 na 130 kwa dakika, kutegemea mpangilio, kwa hiyo onesho la dakika 90 halitaenea kwenye simu iliyojaa. Chagua wimbo mmoja. Akisema wimbo fulani bado hajautoa, huo usiurushe mtandaoni. Watunzi huja kwenye vyumba vidogo kujaribu mistari ambayo bado wataibadilisha.

"Kumtuza ni utovu wa adabu kwenye maonesho haya? Mimi nimezoea taarabu, mtu akikugusa unaamka." – Mama wa Kaloleni, Arusha

Hapa wataalamu wetu wamegawanyika. Fundi mitambo hataki mtu apande jukwaani wakati wimbo unaendelea, na sababu zake ni za kazi: mpiga gitaa mikono yake yote miwili imeshika kazi, hana wa kupokea, noti ya hela ikigusa nyuzi zinakufa, na wewe ukikanyaga waya, jeki inachomoka na ukumbi mzima unapigwa na kishindo. Kubandika noti kwenye paji la uso wa mtu aliye sentimita tano kutoka kwenye maiki, hilo ndilo linalomtoa jasho.

Mratibu anasema kumkataza Mswahili kutuza ni kumwambia asisikie. Suluhisho lake ni kapu. Weka kapu au ungo wa kupendeza pembeni mwa jukwaa, upande usio na nyaya, na mwimbaji mwenyewe alitaje mwanzoni. Unainuka wimbo ukiisha, wakati wa makofi, unaweka noti yako, unampungia, unarudi. Sarafu hapana, zinalia. Na mama, ukiguswa kweli, mtume mhudumu akamwambie wimbo uliokugusa. Wanalipenda hilo pia.

"Tukipiga makofi wote anakunja uso. Hataki tumsaidie?" – Msomaji wa Majengo, Moshi

Anapotezwa. Hana mpiga ngoma wa kuwashika, na makofi ya watu wengi yana tabia ya kukimbia. Isitoshe, sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kofi la aliye mita 10 linamfikia limechelewa kwa sehemu 29 za elfu ya sekunde. Ukumbi ukiwa mrefu, mbele na nyuma mnapiga ngoma mbili. Pigeni anapowaita, acheni beti zinapoanza. Kuimba kiitikio ni sawa, nusu ya sauti yako, ila ubeti mwachie.

Kwa ufupi

*Tiketi kwa simu.* Kabla hujaingiza namba ya siri, soma jina linalotokea. Tangazo linasema ukumbi fulani halafu jina ni la mtu usiyemjua? Piga simu ukumbini kwanza. Mlangoni onesha ujumbe wenyewe wa muamala, kwani picha yake hughushiwa kwa dakika moja.

*Kutoka Moshi kwenda Arusha na kurudi usiku.* Ni kilomita 80 hivi, saa moja na nusu hadi mbili. Magari ya abiria hupungua usiku, na onesho lililotangazwa saa moja huanza saa mbili. Kodini Noah watu sita au saba na mkubaliane na dereva saa ya kuondoka, au mtafute pa kulala. Juni na Julai bebeni sweta.

*Mtoto wa miaka mitatu.* Ikiwa inakubidi upaze sauti ili mtu aliye urefu wa mkono akusikie, hapo ni desibeli 85 au zaidi. Mvalishe vifunika masikio vya watoto, pamba haitoshi. Kaeni nyuma, karibu na mlango, na akianza kulia toka naye, urudi wimbo ukiisha. Hakuna atakayekununia.

*Kumuona mwimbaji baada ya onesho.* Mpe dakika 20 anywe maji. Ukifika, zungumza naye polepole pembeni, usimwite kwa mbali akakujibu kwa kupaza. Koo lake limefanya kazi saa nzima na nusu. Kama una CD ya kusainiwa, beba maka peni ya ncha nyembamba. Kalamu ya kawaida huteleza kwenye jalada linalong'aa, na ukiikandamiza juu ya CD yenyewe unaweza kuiharibu, maana muziki umelala chini tu ya ule upande wenye maandishi. Asaini karatasi ya jalada, uishike kwa kingo mpaka wino ukauke, ndipo uirudishe kwenye kasha.